Sauti ya Pili ya Kabambare

Tulipotoka kumzika Donati tuliketi uani kwake Kasongo, wanawake kwenye mikeka upande wa jiko, wanaume kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, na maongezi yakaanza kama yanavyoanza kwenye kila matanga: kwanza mvua na barabara, kisha marehemu. Walimsifu kwa ukali wake darasani, kwa ubahili wake wa sukari kwenye chai, kwa jinsi alivyopenda kuzungumza na mashine kana kwamba ni mbuzi wakaidi. Ndipo msaidizi mmoja wa chuo, kijana ambaye siku hizi ndiye anayetunza ile maktaba yetu ya lugha kwenye mtandao, akasogeza kiti chake karibu na mkeka wangu. "Mama Zaina," aliniambia, "batu banasema wewe na Papa Donati mulizika sauti ya mutu. Ni kweli, ao ni masimulizi tu?" Wanawake waliokuwa wakichambua sombe, yaani majani ya muhogo, wakageuka wote kunitazama. Nilimjibu kwamba ni kweli, na kwamba kilio si mahali pa kuyasimulia. Nimeona afadhali niandike. Jambo hili kila nilipolisimulia kwa mdomo lilitoka na kicheko cha wasiwasi mwishoni, na halistahili kicheko.

Mwaka ule nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka Kisangani na shahada yangu ya lugha, sina mume, sina darasa, nina kinasa sauti kimoja nilichopewa na mwalimu wangu. Donati alikuwa amenizidi umri sana. Yeye alikuwa Mkristo wa Kabambare, mimi Mwislamu wa mjini, na kilichotukutanisha ni hasira. Mzee aliyemfundisha Donati kazi alikuwa amekusanya kaseti za Kibangubangu na Kizimba maisha yake yote, akaziweka kwenye sanduku chini ya kitanda. Alipofariki, wajukuu wakarekodi nyimbo za harusi juu ya sauti zile. Donati alizikuta kaseti zile, akazisikiliza moja baada ya nyingine, na katika kila moja kulikuwa na ngoma na vigelegele, na mara chache, kati ya wimbo na wimbo, mzee fulani akianza sentensi asiyoimaliza. "Ile sentensi," aliniambia, "ndiyo itaniua." Basi akaandikia kila mtu aliyemjua anayechunguza lugha za kwetu, Bukavu, Lubumbashi, Ulaya, akawapa wazo moja: tuweke vyote mahali pamoja, kila mtu alete alicho nacho, kila mtu asikilize, aandike, asahihishe cha mwenzake, na pasiwe tena na sanduku la mtu chini ya kitanda.

Tulipewa chumba mwisho wa jengo la shule ya kanisa, kilichokuwa stoo ya vitabu vya nyimbo. Kilinuka karatasi iliyolowa na popo. Juu ya bati kulikuwa na antena pana kama sinia la harusi, ikitazama mbinguni, na pano za umeme wa jua, na ndani betri zilizopata joto hadi paka wa shule akaja kuzaa nyuma yake. Mtandao ulikuja na kuondoka upendavyo. Ukija, tuliacha kula. Mara nyingi chakula chetu, wali wa Kasongo na samaki mkavu wa Nyangwe, kilipoa kwenye sahani huku tukitazama mstari mdogo wa kijani ukisogea kwenye kompyuta, faili moja ya sauti ikipanda kwenda kwa watu ambao hatujawahi kuwaona. Mmoja wao aliitwa Helena. Aliishi katika nchi ya baridi, alijua Kizimba kwa vitabu na kwa masikio tu, hakuwahi kukanyaga Maniema. Lakini alisikiliza kuliko sisi sote. Ukimpelekea sauti ya mtu akisema neno moja, alikuandikia kwamba nyuma yake kuna kuku wawili na mtu anayetwanga. Tulimpenda kwa hilo. Donati alisema, "Huyu mwanamuke anaweza kusikia mchwa wakitafuna."

Kiangazi kilipoanza tulipanda pikipiki kwenda Kabambare. Donati alikuwa na mtu wa kunionyesha: Bibi Mwayuma, mjane, ambaye Kibangubangu chake kilikuwa na maneno ambayo vijana walikuwa wameshayasahau. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi, nje kidogo ya kijiji, mlango ukitazama njia iendayo kijitoni. Nilichokiona kwanza ni mlango wenyewe. Ulikuwa mlango mzuri wa mbao, wazi kabisa, umezuiwa na jiwe kubwa, na jiwe lile lilikuwa limezama ardhini kama lililokaa miaka. Upepo ulipoleta vumbi ndani nilinyanyuka nirudishe mlango, naye akanishika kanga kwa upole. "Acha, mwanangu. Hatufungake huu mulango." Tulikula kwanza, bugali ya muhogo na sombe yenye mawese na karanga, na nikaona anapakua sahani moja zaidi, ndogo, anaiweka kwenye kigoda karibu na mlango. Sikuuliza. Nilidhani kuna mtu anakuja.

Kumrekodi kulikuwa kazi nyepesi kuliko zote nilizowahi kufanya. Mimi nilitaja kitu kwa Kiswahili, mvua, jiwe, mkwe, uchungu wa kuzaa, yeye alilitaja kwa Kibangubangu kwa sauti iliyonyooka, kisha alitulia kidogo, akitazama mlangoni, akatikisa kichwa kama mtu aliyekubaliana na jambo, ndipo tukaendelea. Nilimshukuru moyoni kwa utulivu ule. Maneno yaliyopumzika ni rahisi kukata na kupanga. Wakati wa kuaga alinikumbatia, akaniuliza kama sauti yake itafika mbali. Nilimwambia itafika mahali ambapo watu huvaa makoti ndani ya nyumba. Alicheka sana. "Basi bataisikia vizuri," alisema, "sisi hatupigake kelele."

Niliirudia ile "sisi" kichwani njiani, na nikaiacha.

Faili zilipanda siku tuliyorudi. Jibu la Helena lilikuja mchana mmoja, nikiwa peke yangu chumbani, popo wakikwaruza dari. Alisifu kazi, akasahihisha mahali nilipokosea kuandika toni, kisha akauliza: msemaji wa pili ni nani? Aliandika kwamba baada ya kila neno la Bibi Mwayuma kuna mwanamke mwingine anayesema neno lile lile kwa Kizimba, Kizimba cha zamani ambacho yeye amekiona kwenye maandishi tu, na kwamba hazina hii ni kubwa kuliko tulivyojua, kwa sababu tumepata lugha mbili kwa kikao kimoja. Alikuwa ameshaanza kumwandika. Aliomba jina lake, tuliweke kwenye orodha ya wasemaji kwa heshima anayostahili.

Nilivaa kaske, visikizio vya kufunika masikio yote mawili, nikafungua faili ya kwanza. Nilimsikia Bibi Mwayuma akisema neno la mvua. Nikasikia kimya. Nikaongeza sauti hadi mwisho, na ndani ya kimya kile, chini kabisa, alikuwepo. Sauti ya mwanamke mzima, kavu kidogo, isiyo na haraka, karibu zaidi na kinasa sauti kuliko Bibi Mwayuma mwenyewe. Nilifungua faili nyingine, na nyingine. Alikuwa katika zote. Nilikumbuka chumba kile vizuri: mimi, Donati, bibi, na kigoda chenye sahani. Niliivua ile kaske, nikaenda kusimama juani kwenye uwanja wa shule, ambapo wanafunzi walikuwa wakifagia, na sikurudi ndani mpaka Donati alipofika.

Donati alisikiliza na kutoa maelezo. Yeye alikuwa mtu wa maelezo. Bibi ananong'ona bila kujua, alisema. Wazee wengi wana lugha mbili, moja ya mdomo na moja ya koo. Tulimwandikia Helena hivyo. Naye alijibu kwa adabu kwamba amewaza hilo, lakini kuna mahali pengi ambapo sauti ya pili inaanza kabla ya ya kwanza kwisha, zimepandana kama vidole, na mdomo mmoja hauwezi. Donati alisoma jibu lile akiwa amesimama. "Twende tena," akasema.

Safari ya pili tulimkuta bibi na mwanamume wa makamo, Sadiki, aliyekuwa akirekebisha paa. Bibi alimwita mwanangu, lakini Sadiki alipoteremka kunawa mikono bibi alinieleza: huyu alizaliwa na mke mwenzake, Feza, Mzimba kutoka ng'ambo ya mto. "Yeye hakupenda kusema Kibangubangu, mimi sikupenda kusema Kizimba," bibi alisema. "Tuliishi vile. Mimi minasema kwangu, yeye anajibu kwake. Bwana yetu alisema tunamutia kichwa kuuma." Vita vilipokuja, wote walikimbilia porini, na Feza akarudi kijijini kuchukua sufuria na chumvi. Alipita njia ile ya kijito. Hakuonekana tena, wala mwili wake. Sadiki, aliyekuwa kijana wakati huo, alikataa kilio kisifanywe. Alisema huwezi kumlilia mtu ambaye huna hakika amekufa. Atakuja, na akija akute mlango wazi. Tangu hapo haukufungwa.

Nilipoyasikia hayo nilimtazama Donati, naye akainama kuunganisha nyaya. Tuliketi. Safari hii nilivaa kaske wakati tukirekodi. Jua lilikuwa limejaa mlangoni, ningeweza kuhesabu makunyanzi ya uso wa bibi. Nilisema, "Moto." Bibi alilitaja, kisha midomo yake ikafungwa, nami niliikazia macho midomo ile. Haikutikisika. Koo lake halikutikisika. Na masikioni mwangu yule mwanamke akajibu. Niliondoa upande mmoja wa kaske: chumbani hakukuwa na kitu ila mchi ukitwanga mbali. Niliurudisha: alikuwa bado hajamaliza neno. Nililisikia likimalizika. Donati aliona uso wangu, akaninyang'anya kaske, akavaa, akamwashiria bibi aendelee. Nilimwona Donati, ambaye hakuwahi kukosa neno, akifumba macho na kuyaacha yamefumbwa. Alibadilisha waya. Alibadilisha maikrofoni. Alitoka akazunguka nyumba. Alirudi akaketi, jasho likimtiririka, akaniambia kwa sauti ndogo, "Bado yuko."

"Munasikia nini?" bibi aliuliza.

Nilimvalisha kaske mwenyewe, juu ya kilemba chake. Nilijiandaa kwa kilio, kwa mtu kuzirai. Bibi Mwayuma alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akatabasamu kama mtu aliyesikia uvumi wa zamani. "Ni Feza," alisema. "Anasema hivi kila siku. Nilizani munamusikia tangu kwanza." Alipofika mahali fulani alicheka, akamwambia Feza kwa Kibangubangu jambo lililomfanya yeye mwenyewe acheke tena.

Sadiki alikuwa amesimama mlangoni, mikono ikidondosha maji. Hakucheka. "Mumemufunga mama yangu mu mashini," alisema. Nilijaribu kumweleza. Nilisema hatukumtafuta, nilisema hata sisi tunaogopa. Aliuliza ni watu wangapi wamemsikia. Nilipomwambia yuko kwenye mtandao, kwamba wasomi wa miji mingi wamemchukua, na kwamba mwanamke mmoja wa Ulaya anamwandika neno kwa neno, alikaa chini pale pale kwenye kizingiti. "Mimi mutoto wake sijamusikia," alisema. "Bazungu bamemusikia." Na baadaye: "Mutamutosha leo mu ile mashini. Mutamutoa kwa batu bote."

Tulirudi Kasongo. Siku zilizofuata ndizo zilizotugawa. Donati alikuwa ameogopa kuliko mimi, lakini woga wake ulimshikamanisha na ile sauti. Alisema Kizimba kile hakuna tena mtu anayekisema, kwamba tulijenga maktaba ili sentensi zisikatwe katikati. "Tukifuta leo kwa sababu mutu moja analia, kesho tutafuta kwa sababu mwingine amekasirika. Tuliahidi watu." Nilimwambia tuliwaahidi wasomi, Sadiki hatukumwahidi chochote, hata kumuuliza hatukumuuliza. Tuligombana mbele ya sahani za wali zilizopoa hadi mlinzi wa shule akafunga madirisha ya darasa la jirani. Wakati huo huo Helena aliendelea kuandika. Kila asubuhi kulikuwa na maneno mapya, kwa uangalifu wake ule ule, na alituambia amebakiza kipande kimoja tu, mwisho wa kikao cha pili, ambacho Donati alikuwa ameshakipandisha, ambapo msemaji wa pili anasema sentensi nzima bila kuulizwa. Aliisikia vizuri lakini hakuielewa. Aliiandikia alama ya kuuliza.

Sadiki alikuja mwenyewe. Alifika na vumbi la safari nzima usoni, akaingia chumbani, akatazama antena, betri, paka na watoto wake, kompyuta. Nilidhani amekuja kuvunja. Alisema tu, "Nisikilizishe." Donati alimpisha kiti. Nilimwekea sauti kuanzia mwanzo, naye alisikiliza mchana mzima, mkono mmoja umebana kaske sikioni, bila kulia, bila kusogea, kama mtoto anayenyolewa. Nilimletea chai ikaganda utando. Tulipofika kwenye ile sentensi ya Helena nilimwona akishtuka. Alinishika mkono, akaonyesha kwa kidole: rudisha. Nilirudisha. Akasikiliza tena, akaivua kaske, akaiweka mezani kwa uangalifu mkubwa, kama kitu kinachoweza kumwagika.

"Anauliza," alisema, "mbona hamufunge mulango. Anasema baridi inaingia."

Popo walikwaruza dari. Kisha Sadiki akainamisha uso kwenye meza, na kilio alichokikataa miaka yote ile kikamtoka, kwa sauti ambayo wanafunzi waliisikia hadi uwanjani. Donati alisimama nyuma yake, mkono juu ya bega lake. Sadiki alipoweza kusema, hakusema tena tumtoe mashinini. Alisema, "Sina mwili wa kuzika. Munipatie hii."

Nilimgeukia Donati, nikitarajia ugomvi uanze upya. Yeye alikwenda kwenye ndoo akanawa uso, akajifuta kwa shati, akaketi mbele ya kompyuta na kuanza kuwaandikia wenzetu mmoja mmoja, yeye mwenyewe, kwa vidole viwili. Aliwaeleza ilivyo, bila maelezo yake ya kawaida. Aliwaomba kila mwenye nakala aifute, ili itakayozikwa iwe ya mwisho, kwa kuwa mtu hazikwi huku amebaki mahali pengine. Wa Lubumbashi alinung'unika akafuta. Wa Bukavu alifuta na kututumia pole. Helena alikaa kimya muda mrefu, na tulianza kuamini hatakubali. Hatimaye yakaja maneno machache: nimefuta, na nimefuta hata nilichoandika isipokuwa maneno yenyewe tu, ambayo naomba yabaki kwenye kamusi bila sauti. Chini yake aliongeza kwamba chumba chake sasa kina ukimya mgeni, kwa kuwa alikuwa amezoea kumsikia hata akiwa amevua kaske. Sikumwambia Donati kwamba mimi pia.

Tulimzika Feza Kabambare, kijiji kizima kikiwepo. Kadi ndogo ya kinasa sauti ilifungwa ndani ya kitambaa cheupe, kitambaa kikafungwa ndani ya kanga yake mwenyewe ambayo Bibi Mwayuma aliitunza, na kaburi lilichimbwa la urefu wa mtu mzima, maana Sadiki alisema mama yake hakuwa mtoto. Sheikh alisoma dua. Donati alisimama na Wakristo upande wa pili, kofia mkononi. Tuliporudi nyumbani Sadiki alilichimbua lile jiwe kwa jembe. Lilikuwa limeshika ardhi vibaya. Aliuvuta mlango nao ukagoma, bawaba zilikuwa zimekula kutu, akausukuma kwa bega hadi ukafunga, na kwa mara ya kwanza niliiona nyumba ile ikiwa na giza.

Bibi Mwayuma hakuchukizwa. Alipika, akapakua, na safari hii sahani hazikuzidi watu waliokuwepo. Lakini asubuhi alinijia na kuniambia kazi yetu haijaisha. Sauti yake ilikuwa imezikwa pamoja na ya Feza, na yeye bado yu hai. Turudie maneno yake. Niliketi naye pale pale. Nilivaa kaske, nikataja mvua. Alisema neno la mvua, akageukia mlangoni, akangoja. Masikioni mwangu hakukuwa na kitu, pumzi yake tu. Alingoja zaidi. Nilimwona akielewa. Machozi yalimtoka taratibu, hakuyafuta, akaniashiria niendelee, nami nikataja jiwe. Alilisema, akangoja. Tulikwenda hivyo hadi mwisho, neno na kungoja, neno na kungoja, wala sikuthubutu kumharakisha.

Faili hizo zipo mpaka leo kwenye maktaba yetu, na yeyote anaweza kuzisikiliza. Wapo wasomi vijana wanaolalamika kwamba ni nzito kufungua, kwamba kati ya neno na neno kuna nafasi ndefu isiyo na kitu, na wengine wamejitolea kwa wema kuziondoa nafasi hizo. Juu ya kila faili niliweka maelezo, na Donati akayatia sahihi pamoja nami: msikate ukimya huu. Ni zamu ya mtu.